Mshumaa wa Aglaia

Mimi ni muuza mishumaa. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nimekaa kwenye kibanda cha mbao kando ya mlango wa kanisa letu hapa mjini Hârlău, na kama kuna swali limenichosha duniani ni hili: "Mama Zenovia, upande wa wazima ni upi?" Jamani! Masanduku ni mawili tu, ya bati, yamejaa mchanga, na yameandikwa kwa herufi kubwa kama kichwa cha mtoto. La kulia, WALIO HAI. La kushoto, WALIOLALA. Unachukua mshumaa, unamtaja mtu wako moyoni, unauchomeka upande wake, unakwenda zako. Mtoto wa miaka minne anaweza.

Lakini watu wanaogopa, na siwalaumu. Kumwashia mtu aliye hai upande wa wafu si mzaha kwetu, ni sawa na kumchimbia kaburi. Nimemwona mwalimu wa hesabu, mwanamke msomi kabisa, amepiga magoti kwenye theluji anachakura mchanga kwa kucha, eti mshumaa wa mumewe kauchomeka kushoto. Mume mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake anakula andazi.

Sasa nisikilizeni habari za Ilinca. Ilinca ni binti wa mdogo wangu Safta. Ana miaka ishirini na tatu, anauza miwani katika duka la barabara ya soko, na tangu Safta atutoke miaka miwili iliyopita anaishi kwangu. Ananiita Mamkubwa. Siku ya mazishi ya mama yake hakutoa hata chozi moja. Alipanga viti, akamimina kahawa, akakunja vitambaa vya meza, macho makavu. Wanawake wa mtaa walinong'ona, na mimi, Mungu anisamehe, nilinong'ona nao.

Mambo ya simu yalianza mwaka uliofuata. Nusu ya mji wetu iko Italia inaogesha vikongwe vya watu, na robo nyingine iko Uhispania inachuma matunda. Hawapati nafasi ya kuja kanisani kwao. Rafiki yake mmoja wa shule aliye huko akamwomba: "Niwashie mwanangu mshumaa, anakwenda kukatwa tonsili, halafu nitumie video nione." Akawasha, akarekodi, akatuma. Wa pili akaomba, wa tatu akaomba. Akafungua ukurasa, akauita Nakuwashia. Kufika Krismasi ya pili ulikuwa na wafuasi elfu sitini, wengi wao vijana kama yeye, watoto ambao wakija nyumbani likizo hata njia ya kanisa hawaikumbuki.

Mimi nilikuwa naangalia kila kitu kutoka kibandani. Anafika getini na suruali yake ya jinzi, anachomoa kitambaa cha maua kwenye mkoba, anajifunga kichwani, na papo hapo anakuwa mtu mwingine. Hata sauti inabadilika. Nyumbani ana sauti ya kugombana na pasi ikimuunguzia shati. Mbele ya simu, asali tupu. "Ndugu yangu mpendwa, leo moto huu ni wako..." Loo! Nilikuwa nauma mdomo nisicheke.

"Nani huyo anaongea?" nilimuuliza siku moja. "Hebu mwambie huyo mtakatifu aje nyumbani aoshe sufuria."

"Mamkubwa, unaniharibia video."

"Nauliza tu. Unasali au unaigiza?"

Akazima simu. Nilijiandaa kwa matusi, maana ulimi katika ukoo wetu tumegawana sawa kwa sawa. Lakini alinijibu taratibu. "Sijui, Mamkubwa. Nikiwa peke yangu siwezi kusali hata neno moja. Nikiwasha simu, maneno yanakuja. Sasa mimi ni yupi?"

Nikamwambia awahi kazini. Ndiyo, hilo ndilo jibu nililompa.

Alhamisi moja ya Februari, binti mmoja anayeitwa Dorina, mtu wa mji huu huu lakini anafanya kazi Torino, Italia, akamwandikia asubuhi. Bibi yake, Aglaia, amelazwa hospitali ya mkoa, ugonjwa wa mapafu umemzidi. Tafadhali mwashie upande wa walio hai. Saa tano kamili video ikatokea kwenye ukurasa: mshumaa unawaka, mchanga, moshi kidogo, na jina AGLAIA limeandikwa juu kwa dhahabu. Saa tano na dakika kumi Aglaia akafariki.

Wiki moja baada ya mazishi, Dorina aliitazama tena ile video akaona jambo ambalo hakuna aliyeliona. Nyuma ya mwali, kwenye ukingo wa bati, zinasomeka herufi za mwisho za neno WALIOLALA. Mshumaa wa bibi yake ulikuwa upande wa kushoto.

Hapa lazima niwaambie kitu. Kwetu mtu hafi mikono mitupu. Roho inapotoka, mgonjwa huwekewa mshumaa unaowaka mkononi ili aone njia. Kufa bila mshumaa ndiyo laana mbaya kuliko zote, hata adui humwombei hadharani. Na Aglaia alifia chumba chenye mashine za oksijeni, mahali ambapo hata njiti ya kiberiti hairuhusiwi, na ni haki isiruhusiwe. Madaktari hawana kosa. Lakini familia ilikuwa inaungua ndani kwa ndani: mama yao amekwenda gizani.

Basi Dorina akaandika chini ya video: "Tulimwomba amwashie kati ya wazima. Yeye akamwashia kati ya wafu, dakika kumi kabla. Alijua. Bibi yangu hakwenda bila mwanga."

Mwenzangu, moto ulishika! Kufika jioni watu laki mbili walikuwa wameisoma. "Binti ana karama." "Mungu amemfunulia." Na baada ya hapo yakaanza maswali. Watu hawakuomba tena mshumaa. Walituma jina la mgonjwa na neno moja: kulia au kushoto? Mume wangu yuko mahututi, kulia au kushoto? Mwanangu yuko jeshini, upande gani? Mmoja alituma picha ya mbwa.

Na mimi je? Nisidanganye. Mimi nilivimba. Watu walikuja kutoka Botoșani na Pașcani kuangalia masanduku yangu ya bati, wanapiga picha mchanga, na kila aliyeuliza "yuko wapi yule binti?" nilimjibu nimenyoosha shingo: "Ni wa kwetu. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu." Siku kumi nilikuwa mamkubwa wa nabii, na ilikuwa tamu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Ilinca akasema, bila kuinua macho, "Mamkubwa, hakukuwa na mshumaa."

"Mshumaa upi?"

"Wa Aglaia. Sikuja kanisani siku ile. Nilikuwa nimechelewa zamu yangu kazini. Nikachukua video moja iliyokuwa ndani ya simu, nikaandika jina lake juu, nikaituma huku natembea. Hata upande sikuangalia."

Kisu kikanitoka mkononi. "Na wengine?"

"Mwanzoni niliwasha wote. Baadaye nikawa nawasha mmoja kwa majina kumi. Halafu..."

Nilimfokea nusu saa nzima. Nilimwita mwongo, nilimwita tapeli, nilimwita mengine ambayo karibu na Kwaresima hayatajwi. Watu wanalia huko ugenini, wanakupa majina ya mama zao, na wewe unawapa moto wa makopo! Aliendelea kumenya. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Jana msichana wa Iași ameniuliza baba yake ni kulia au kushoto. Anasema nikimwambia kushoto, hatamsumbua tena mzee na upasuaji. Unaona sasa?"

Niliona. Viazi vilibaki mezani, hakuna aliyepika.

Alimwandikia yule msichana: mimi sijui lolote, msikilize daktari. Halafu akaacha kurusha chochote. Unadhani ilisaidia? Thubutu! Watu wakasema amefunga. "Yuko kwenye maombi makubwa, tusimsumbue." Ukimya wake ukamwongezea wafuasi elfu tisa.

Kila siku alikuwa anasema, leo nitawaambia. Kila siku anashika simu, anaiweka chini. Nilijua kinachomzuia, haikuwa tena sifa. Ilikuwa ile familia. Kuwaambia maelfu ya watu kwamba umewadanganya ni aibu, lakini aibu hupoa. Kumwambia mjane kwamba mkewe alikufa bila mwanga baada ya wewe mwenyewe kumpa mwanga huo, hilo ni jambo jingine.

Mwishoni mwa Machi ujumbe ukaja. Dorina anarudi kutoka Torino kwa ibada ya siku arobaini ya bibi yake. Itafanyika hapa hapa kanisani kwetu, Jumamosi asubuhi, na babu yake, Mzee Gavril, ana ombi moja: Ilinca asimame karibu naye wakati wa kuinua koliva. Koliva ni ile ngano ya marehemu, iliyochemshwa na sukari na kuchorwa msalaba juu. Padri anapoimba "kumbukumbu ya milele", watu wa familia hushika sinia na kuliyumbisha pamoja taratibu. Mtu baki haitwi pale.

Ijumaa, Ilinca akaniambia, "Nitamwambia mzee kesho."

Na hapo mimi, niliyemfokea nusu saa, nikageuka kabisa. "Hutamwambia."

"Mamkubwa!"

"Nimesema hutamwambia. Unamjua Gavril wewe? Ndiye aliyejenga majiko ya matofali ya nusu ya mji huu, hata hili unaloota moto hapa. Miaka hamsini na minne na mke mmoja. Amepata kitu kimoja cha kujifariji, na wewe unataka kukipokonya ili roho yako iwe safi? Funika kombe mwanaharamu apite. Waambie wa mtandaoni ukitaka, sema uliacha kazi, sema umeolewa. Mzee muache."

"Kwa hiyo maelfu ya watu nisiowajua niwaambie ukweli, na mmoja anayekuja kunishukuru uso kwa uso nimdanganye?"

"Ndiyo!"

"Na akinishika mkono nifanye nini?"

"Unyamaze. Kunyamaza si dhambi."

"Wewe ulisema ninaigiza," akasema. "Kesho unataka niigize mbele ya sinia la marehemu."

Nilimwambia akalale, ingawa jua lilikuwa bado linawaka dirishani. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa. Nilimpenda yule mzee, na mtoto huyu nilimpenda zaidi. Sikutaka kuona uso wa mmoja wao kesho yake.

Jumamosi theluji ilikuwa inayeyuka, maji yanadondoka kutoka paa la kanisa mpaka kwenye bati la kibanda changu, ti, ti, ti. Mzee Gavril alifika mapema kuliko padri. Koti la Jumapili, viatu vimepigwa rangi, kofia mkononi. Dorina alikuwa nyuma yake amebeba sinia lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ni msichana mnene, mwenye macho mekundu ya mtu aliyesafiri kwa basi siku mbili.

Ilinca alikuwa amesimama karibu na masanduku. Amejifunga kitambaa changu cheusi, kile cha kawaida, na hakuwa na simu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe?" Na yule mzee wa miaka themanini akainama aubusu mkono wa mtoto. Ilinca akaurudisha nyuma kana kwamba umeungua.

"Babu, usifanye hivyo. Naomba nikuambie neno kwanza."

Nilitoka kibandani mbio, na miguu yangu hii! "Ala, Mzee Gavril! Karibu, karibu. Ingieni ndani, ngano itapoa!"

"Ngano huliwa baridi, Zenovia," akasema.

"Padri anawasubiri!"

"Padri Sebastian ndiyo kwanza anaegesha gari," akasema Dorina, akionyesha getini. Kweli, alikuwa anaegesha, na vibaya kama kawaida yake.

Nikamshika mzee kiwiko nikamwingiza ndani hivyo hivyo, nikiongea habari za mgongo wangu. Ilinca alinitupia jicho ambalo sitalisahau. Nilifikiri: nimeshinda. Ibada ikianza, mambo yatapita yenyewe.

Lakini wakati wa koliva ulipofika, na padri akaanza kuimba, Mzee Gavril akageuza shingo akimtafuta Ilinca. Alikuwa amesimama mlangoni kabisa. Mzee akamwashiria aje. Ilinca akatikisa kichwa. Mzee akaashiria tena. Akatikisa kichwa tena, mikono ameificha nyuma. Sinia likayumbishwa bila yeye, na mzee alikuwa anayumba na kuangalia mlangoni, anayumba na kuangalia mlangoni, hajui amekosea nini. Hapo nikajua nimefanya upumbavu. Ningemwacha mtoto aseme kule nje, mzee angelisali akiwa na akili moja.

Baada ya ibada watu walitoka na vikombe vya ngano, wakasimama juani. Ilinca akamwendea mzee pale karibu na masanduku. Safari hii sikutoka kibandani.

"Babu, sikukataa kwa dharau. Sikustahili kulishika. Siku ile Bibi Aglaia anafariki, mimi sikumwashia mshumaa. Sikuja hapa. Nilituma video ya zamani, nikaandika jina lake juu. Upande wa wafu ulitokea kwa sababu sikuangalia. Hakuna aliyenifunulia kitu. Sikujua chochote."

Alisema vyote kwa sauti ile ya nyumbani, ya kugombana na pasi, haraka haraka kabla haijakatika.

Dorina ndiye aliyelipuka. "Umetufanya wajinga! Mimi nimewaambia watu wote! Babu analala usingizi kwa sababu ya ule mshumaa, halafu wewe unakuja leo, siku ya arobaini, na kinywa chako..."

"Dorina," akasema mzee.

"Na hao wafuasi wako wanajua?"

"Nitawaambia leo," akasema Ilinca. "Nilitaka Babu asikie kwanza, na asikie kwa mdomo wangu."

Aliwaambia kweli, siku hiyo hiyo alasiri, ameketi jikoni bila kitambaa na nywele zimesimama. Waliotukana walitukana. Elfu thelathini waliondoka kwa wiki moja. Walikuwapo waliosema anajishusha kwa sababu ni mtakatifu, hao nao dawa yao siijui. Lakini hayo yalikuwa bado. Wakati ule tulikuwa tunamngoja mzee aseme neno, na mzee alikuwa anatazama mchanga.

"Nikuambie na mimi," akasema mwishowe. "Nilikuwa kando ya kitanda. Nilikuwa na mshumaa mfukoni, nilikwenda nao kutoka nyumbani. Muuguzi akaniambia, baba, hapa moto hapana, tutalipuka wote. Alisema vizuri, akanishika bega. Basi nikakaa. Halafu huyu," akamwonyesha Dorina, "akanitumia ile video. Nikafungua, nikaona moto unawaka kwenye kioo. Nikaiweka ile simu mkononi mwa Aglaia, nikamkunjia vidole. Ikiisha, naibonyeza ianze upya. Nimeibonyeza mara nne. Mara ya tano alikuwa hapumui."

Dorina akaweka mkono mdomoni. Ilionekana hakuwahi kuambiwa.

"Sikumwambia mtu," mzee akaendelea. "Niliona haya. Kila siku najiuliza nilimpa nini yule mama, mshumaa au simu. Mlipoanza kusema ni muujiza nikapumua. Nikasema basi, ulikuwa mshumaa. Sasa wewe unaniambia haukuwa wake."

"Haukuwa wake, Babu. Nisamehe."

"Lakini uliwaka? Si mchezo wa kutengeneza kwenye kompyuta?"

"Uliwaka. Hapa hapa. Kwenye mchanga huu."

"Upande wa kushoto."

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa na mwenyewe," akasema mzee. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeliuliza, na mimi, muuza mishumaa wa miaka kumi na tisa, sikuwa nimeliuliza. "Ulikuwa wa nani?"

Ilinca akagusa ukingo wa bati.

"Wa mama yangu."

Nilishika ubao wa kibanda.

"Niliuwasha siku yake ya arobaini," akasema. "Kabla sijaanza ule ukurasa, kabla ya yote. Nilikuja peke yangu baada ya watu kuondoka. Nikaurekodi niwe nao, kwa sababu mbele za watu nilikuwa siwezi kulia, na nyumbani siwezi, na nikifumba macho nisali simwoni mama, naona viti vya msiba. Huo sikuutuma kwa mtu yeyote. Nilikuwa nautazama tu usiku. Siku ile kidole kiliuchukua kwa sababu ndio uliokuwa wa kwanza, niliotoka kuutazama. Nilikuja kugundua baadaye." Akafuta pua kwa ncha ya kitambaa changu. "Katika yote niliyowasha, Babu, huo mmoja ndio niliosali kweli. Na ndio niliowadanganyia nyie."

Kisha akalia. Jamani, alilia! Alilia kwa kelele, mdomo wazi, kamasi, bila staha yoyote, pale pale katikati ya watu na vikombe vyao vya ngano, miaka miwili na miezi kadhaa baada ya msiba. Wanawake wale wale walionong'ona walikuwapo, wakasimama na vijiko hewani. Na mimi niliyekuwa nikimwona kila siku akiingia na kutoka na simu yake, nikimcheka, sikuwa nimejua kitu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mzee Gavril alimpa kofia yake Dorina amshikie. Kisha akamshika Ilinca mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, kama tunavyomshika mfiwa mlangoni pake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana kwa msiba. Sikujua kama umefiwa."

Dorina alisimama na kofia, hasira bado iko usoni lakini haina pa kwenda. Baadaye alimpa Ilinca kitambaa cha karatasi, bila kumtazama. Naye alikuwa analia.

Mzee akaja kibandani kwangu. Akaomba moja ya zile karatasi za majina tunazompa padri asome, wazima upande huu, wafu upande huu. Akavaa miwani. Upande wa wafu akaandika Aglaia, kwa mkono wa fundi, herufi kubwa zilizonyooka. Kalamu ikabaki juu ya karatasi.

"Huyo mama yake aliitwaje?"

"Safta," nikasema. "Alikuwa mdogo wangu."

"Nataka kumwandika hapa chini. Lakini sipendi kuandika mtu nisiyemjua. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikafikiri niseme mcha Mungu, mpole, mama mwema, kama tunavyowasema wafu. Lakini Safta hakuwa mpole hata siku moja.

"Alikuwa na kelele," nikasema. "Akiongea, unamsikia mpaka stesheni. Anacheka mpaka anashika ukuta. Hawezi kukaa na mtu dakika mbili asimpe umbea."

Mzee Gavril akaandika jina lake, taratibu, akakunja karatasi mara mbili.

"Vizuri," akasema. "Aglaia wangu hapendi kukaa na watu wa kimya."